Aachiwe Kisu Lini?

Kila asubuhi, katika hospitali zinazofundisha upasuaji, kuna uamuzi unaofanyika bila kuandikwa popote. Daktari bingwa anamtazama daktari anayesomea fani hiyo na kujiuliza: leo nimwachie kiasi gani? Afungue tumbo kisha nichukue kisu mwenyewe? Aendelee hadi karibu na ule mshipa wa hatari? Au nisinawe kabisa, nikae kwenye chumba cha pili nikisubiri kuitwa? Jibu lake linamgusa mgonjwa siku hiyo hiyo, na ndilo linaloamua mwanagenzi huyo atajifunza nini. Kwa maoni yangu, huo ndio mtihani wa kweli wa mafunzo ya upasuaji. Hata hivyo, mifumo mingi rasmi ya tathmini imejengwa kana kwamba uamuzi huo haupo: inapima maarifa kwa karatasi, inahesabu operesheni, inahesabu miaka, na mwisho inatoa cheti. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba tathmini isiyobadilisha kile ambacho mwanagenzi ataruhusiwa kufanya kesho yake haina kazi, hata kama fomu zake zimejazwa zote na kutiwa saini.

Mfumo huu tumeurithi. William Stewart Halsted, mkuu wa kwanza wa upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa Baltimore mwaka 1889, aliutwaa utaratibu aliouona katika nchi zinazozungumza Kijerumani, akaupanda Marekani, na mwaka 1904 akaueleza katika hotuba inayotajwa hadi leo. Mwanagenzi aliishi hospitalini, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila alipokomaa aliongezewa mzigo. Muda haukuwa na kikomo; mtu angeweza kukaa miaka mingi akisubiri mkuu aridhike, na wengi walioanza hawakufika kileleni. Ulikuwa utaratibu mkali, na kwa mambo mengi haukuwa wa haki, lakini aliyetamka kwamba fulani yuko tayari alikuwa amemtazama akifanya kazi kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Edward Churchill wa Massachusetts General Hospital alipendekeza utaratibu mwingine, ambao wanaoanza pamoja wangemaliza pamoja ndani ya muda uliopangwa. Huo ndio ulioenea. Ulileta haki na ulileta mpangilio, ila polepole muda wenyewe ukageuka kuwa kipimo, na aliyemaliza miaka mitano akahesabiwa kuwa ameiva kwa sababu miaka mitano imekwisha.

Kwa kuwa miaka peke yake haikutosha kumridhisha mtu yeyote, iliongezewa hesabu ya operesheni. Bodi ya Upasuaji ya Marekani, kwa mfano, inamtaka anayeomba kutahiniwa katika upasuaji wa jumla awe amefanya operesheni zisizopungua 850, ambazo 200 kati yake ziwe za mwaka wa mwisho. Idadi kama hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa mpasuaji hodari kwa kutazama tu. Tatizo ni kile ambacho idadi inakificha.

Chukua operesheni ya kutoa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo, ambayo karibu kila mwanagenzi huifanya. Katika meza ya kwanza, bingwa ameshika koleo la mkono wa kushoto. Anauvuta mdomo wa mfuko kuelekea nje na chini kidogo, ile pembetatu iliyo kati ya ini na mirija inafunguka, na tishu zinanyooka mbele ya mwanagenzi kama kitambaa kilichovutwa pande zote, naye anabaki kukata pale panapoonekana wazi. Katika meza ya pili, mwanagenzi ameshika vyombo vyote viwili. Anavuta mwenyewe, anakosea upande, anarekebisha, anasafisha mafuta yote ndani ya pembetatu, anaitenganisha sehemu ya chini ya mfuko na ini, kisha anasimama na kuonyesha kwamba vitu viwili tu, mrija na ateri, ndivyo vinavyoingia kwenye mfuko. Hapo ndipo anapoomba klipu za kuvibana kabla ya kuvikata. Bingwa wake amekunja mikono kifuani muda wote huo. Jioni, madaktari wote wawili wanafungua kitabu cha kumbukumbu na kuandika maneno yale yale: mfuko wa nyongo, mpasuaji, moja. Yeyote aliyewahi kumsaidia mwanagenzi mezani anajua kwamba msaidizi hodari anaweza kumfanya mtu wa kawaida aonekane fundi, na aliyesaidiwa hivyo mara nyingi hajui kabisa kwamba alisaidiwa. Hii si kasoro ndogo ya uandishi wa kumbukumbu, kwa sababu wa kwanza anaweza kufikisha 850 bila kuwahi kukutana na ugumu wa operesheni hata moja.

Je, tofauti ya ustadi wa mikono inamfikia mgonjwa, au ni mambo ya kujivunia miongoni mwa madaktari wenyewe? Utafiti uliofanyika katika jimbo la Michigan na kuchapishwa mwaka 2013 ulijibu swali hilo kwa namna ambayo ni vigumu kuikwepa. Wapasuaji 20, wote wakiwa wamekwisha kumaliza mafunzo, walituma kila mmoja video moja ya operesheni ya kupunguza unene, na wapasuaji wenzao wakawapa alama bila kujua ni ya nani. Alama hizo zililinganishwa na hali ya wagonjwa wao. Robo ya chini kwa ustadi walikuwa na matatizo ya baada ya upasuaji kwa asilimia 14.5 ya wagonjwa, ilhali robo ya juu walikuwa na asilimia 5.2. Vifo vilikuwa asilimia 0.26 dhidi ya 0.05. Wote hao walikuwa na vyeti, na wote walikuwa wamefaulu mitihani yao. Ninachokisoma katika matokeo hayo ni kwamba wapasuaji wenyewe, wakitazama kazi kwa macho bila jina wala heshima ya mtu kuingilia kati, wanaweza kutofautisha mikono iliyo salama na isiyo salama. Macho ya kupimia tunayo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuyatumia mapema, wakati mtu bado yuko mafunzoni na anaweza kurekebishwa.

Majaribio ya kujenga utaratibu huo yapo, na baadhi ni mazuri sana. Katika miaka ya 1990, kundi la Chuo Kikuu cha Toronto lilibuni mtihani wa vitendo wenye vituo, ambapo mwanagenzi anafanya kazi halisi, kama kushona utumbo, mbele ya mtahini. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba alama za jumla, zinazouliza anavyoziheshimu tishu, anavyoenda bila kupoteza miondoko na anavyoijua hatua inayofuata, zilipima vizuri kuliko orodha ndefu ya vipengele vya kutiwa vema. Nadhani sababu iko wazi: mtu dhaifu anaweza kutimiza kila kipengele cha orodha na bado akamtisha kila aliyesimama kando yake.

Chombo kinachofaa zaidi hoja yangu, hata hivyo, ni kile kipimo kidogo kinachoitwa Zwisch, ambacho hakiulizi mwanagenzi ni mzuri kiasi gani bali kinauliza bingwa alifanya nini. Ngazi zake ni nne: bingwa alifanya mwenyewe huku akieleza, alisaidia kwa kuongoza kila hatua, alisaidia kwa kufuata tu anachofanya mwanagenzi, au alikuwepo kwa usalama pekee. Kwa kipimo hiki zile meza mbili za mfuko wa nyongo hazifanani tena. Nchini Marekani kiliwekwa ndani ya programu ya simu iitwayo SIMPL, yenye maswali matatu tu: mwanagenzi aliachiwa kiasi gani, alifanya vizuri kiasi gani, na mgonjwa huyu alikuwa mgumu kiasi gani. Majibu hayapokelewi baada ya saa 72. Sharti hilo la muda naliona kuwa sehemu ya busara kuliko zote. Fomu inayojazwa mwishoni mwa miezi mitatu haikumbuki operesheni. Inakumbuka kama mwanagenzi alikuwa mchangamfu, kama aliwahi kuchelewa raundi ya wodini, na kama yule mgonjwa wa wiki iliyopita alipata nafuu.

Matokeo ya kutumia chombo hicho yalitangazwa mwaka 2017, baada ya tathmini zaidi ya 10,000 kukusanywa katika programu 14 za mafunzo, na hitimisho halikuwa la kupendeza: si wanagenzi wote waliokuwa tayari kufanya peke yao operesheni za msingi kufikia mwisho wa mafunzo. Miaka minne kabla yake, wakuu wa programu za ubobezi, yaani wale wanaowapokea waliomaliza upasuaji wa jumla, waliulizwa maoni yao, na asilimia 66 ya majibu yalisema waliowapokea hawawezi kufanya kazi kwa dakika 30 bila kusimamiwa katika operesheni kubwa. Takwimu hiyo ya pili imenukuliwa mno, na inafaa isomwe kwa tahadhari. Ni maoni ya mabingwa wakubwa kuhusu vijana, na sijui kizazi cha mabingwa kilichowahi kuulizwa swali la namna hiyo kikawasifu vijana. Ile ya kwanza ndiyo nzito, kwa kuwa imetoka mezani, operesheni moja baada ya nyingine, kwa watu waliokuwa wakiwaangalia wanagenzi wao wenyewe.

Hapa tunafika kwenye kiini cha ugumu, nacho si chombo gani kitumike. Ni muhali. Bingwa amesimama na kijana huyu kwa saa nyingi za usiku, wamekula pamoja, wamempoteza mgonjwa pamoja. Anajua kwamba kijana ana familia, kwamba amebakiza miezi michache, kwamba ukimwandikia "hajaiva" utaitwa kikaoni kueleza, na huenda ukajibu rufaa. Anajua pia kwamba mwezi ujao kijana atahamia kitengo kingine. Basi anaandika "anaendelea vizuri", anafunika kombe ili mwanaharamu apite, na mwenzake wa kitengo kinachofuata anafanya vivyo hivyo. Miaka mitano ya sentensi za namna hiyo ndiyo inayozaa daktari ambaye kila mtu tieta, yaani katika chumba cha upasuaji, anajua asiachwe peke yake, kuanzia muuguzi anayempa vyombo hadi daktari wa usingizi, ilhali jalada lake halina doa. Waulize faraghani na watakujibu bila kusita. Uliza jalada na halitakuambia kitu.

Dawa inayopendekezwa kwa kawaida ni kuwahimiza mabingwa wawe wakweli, nami siamini kuwa mahubiri hayo yatafika mbali. Ukweli hutoka kwa urahisi pale gharama yake inapokuwa ndogo. Hukumu moja nzito ya mwisho wa mwaka ina gharama kubwa kwa anayeitoa na anayeipokea. Hukumu ndogo mia moja, kila moja ikihusu operesheni moja ya siku moja, hazimuumizi mtu yeyote. "Leo niliongoza kila hatua" si tusi, ni taarifa. Taarifa hizo zikirundikana mbele ya kamati ya watu kadhaa, ambao hawakuketi peke yao na kijana huyo, picha hujichora yenyewe, na hakuna bingwa mmoja anayebeba lawama ya kumkwamisha mtoto wa watu. Kamati za namna hiyo zimekuwa lazima katika programu za Marekani kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Ubora wake unategemea kabisa kinacholetwa mezani kwake: zikiletewa fomu za muhali, zitazalisha muhali wenye muhuri.

Tathmini za aina hii nazo zina dosari, na moja inastahili kusemwa waziwazi. Ukipima kiasi ambacho bingwa aliachia, umepima mwanagenzi na bingwa kwa pamoja. Tafiti za Marekani zilizotumia vipimo hivi zimeonyesha kwamba wanawake huachiwa kidogo kuliko wanaume walio katika ngazi ile ile ya mafunzo. Hapo takwimu haiwahukumu wanawake, inawahukumu mabingwa, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu nyingine ya kuikusanya. Bingwa asiyewahi kumwachia mtu yeyote hata fundo la mwisho la ngozi anafaa aonekane kwenye jedwali sawasawa na mwanagenzi asiyesonga mbele.

Kuhusu maandalizi, yale ya kabla ya kumgusa mgonjwa, mjadala umekuwa rahisi kuliko zamani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwagawa wanagenzi 16 katika makundi mawili. Kundi moja likafanya mazoezi kwenye mashine ya kuigiza upasuaji kabla ya kwenda kutoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa halisi. Waliofanya mazoezi walitenganisha mfuko kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 29, na wasiofanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuchoma tishu isiyohusika. Kila mtu hunukuu takwimu hizo, lakini wachache hutaja sharti lililokuwa nyuma yake: wanagenzi hawakupewa saa kadhaa za mazoezi kisha wakaruhusiwa, bali walifanya mpaka walipofikia kiwango cha wapasuaji wazoefu kwenye mashine ile ile. Programu nyingi zilichukua mashine na kuliacha sharti. Zinapanga "kipindi cha mazoezi" cha alasiri moja, wanagenzi wanasaini mahudhurio, na tumerudi pale pale kwenye kupima muda.

Wala si lazima mashine iwe ya gharama. Mtihani wa Marekani wa misingi ya upasuaji wa matundu madogo una kazi tano: kuhamisha vipande vidogo kutoka kigingi hadi kigingi, kukata duara kwenye shashi, kufunga kwa kitanzi, na kushona mara mbili, fundo likifungwa nje ya sanduku na kisha ndani. Sanduku lenye matundu mawili, kamera ya simu na vyombo vilivyostaafu tieta vinatosha kwa mazoezi hayo. Kinachohitajika zaidi ni kiwango kilichowekwa mapema, na mtu wa kusema bado hujakifikia.

Kuna maandalizi mengine yasiyogharimu chochote, na ndiyo ninayoyapenda zaidi. Ni zile dakika mbili au tatu kwenye sinki la kunawia, mabega ya watu wawili yakiwa karibu na maji yakitiririka hadi viwikoni, ambapo bingwa anauliza, "Dokta, leo unataka nikuangalie wapi?" Mwanagenzi aliyejiandaa atajibu kitu mahususi: nataka nivute mwenyewe kwa mkono wa kushoto mpaka mwisho, usinisaidie isipokuwa nimekwama. Asiyejiandaa atajibu, "Operesheni yote, Profesa." Majibu hayo mawili tayari ni tathmini. Kisha, ngozi inaposhonwa, bingwa anarudi kwenye jambo lile lile walilokubaliana, si kwenye mambo ishirini, na kusema lilikwendaje na jaribio lijalo lianzie wapi. Mabingwa wanaosema hawana muda wa tathmini wanazo dakika hizo. Kwa kawaida huzitumia kuzungumzia mpira.

Mikono, hata hivyo, ni nusu ya habari. Watafiti wa Toronto wameeleza jinsi mpasuaji hodari anavyopunguza mwendo kwa makusudi anapokaribia mahali pa hatari: anaacha mazungumzo, anaomba redio izimwe, anabadili chombo. Ustadi huo hauonekani kwenye idadi ya operesheni wala kwenye sanduku la mazoezi. Uskoti nako kulibuniwa kipimo kinachotazama mambo yasiyo ya mikono, kama kuisoma hali inavyobadilika, kufanya maamuzi, mawasiliano na uongozi. Kwa kumwamini mtu, mimi ningeongeza jambo moja juu ya yote: je, anaita msaada kwa wakati? Mwanagenzi mwenye mikono ya wastani anayepiga simu saa nane za usiku kusema "Profesa, utumbo huu sipendi rangi yake" anaweza kuachiwa zaidi ya fundi mwepesi ambaye taarifa zake hufika asubuhi zikiwa zimekwisha kupambwa. Mabingwa wote wanalijua hili. Wachache wameliandika kwenye fomu.

Hatua kubwa ya miaka ya karibuni imetokana na wazo la Mholanzi Olle ten Cate, aliyependekeza mwaka 2005 kwamba, badala ya kuuliza mwanagenzi ana sifa gani, tuulize ni kazi gani anaweza kukabidhiwa, na kwa usimamizi wa kiwango gani. Bodi ya Upasuaji ya Marekani ililipokea wazo hilo rasmi Julai 2023 kwa kuorodhesha kazi 18 za upasuaji wa jumla, kuanzia kumhudumia mwenye ngiri ya kinena hadi mgonjwa aliyejeruhiwa, tangu uchunguzi hadi baada ya operesheni. Kanada ilianza mapema zaidi kubadili mafunzo yake ya ubingwa kwa mtindo unaofanana na huo, na wanagenzi wake wakalalamika kwamba wanatumia muda mwingi kuwakimbiza mabingwa wajaze fomu. Malalamiko hayo yachukuliwe kwa uzito. Mwanagenzi anapokuwa ndiye anayeomba tathmini, ataiomba siku operesheni imekwenda vizuri, tena kwa bingwa mwenye moyo laini, na hapo mfumo mzima umerudi kuwa geresha. Tathmini ianzishwe na bingwa au na ratiba ya tieta yenyewe, kwa kila operesheni ya aina fulani bila kuchagua.

Saa za kazi nitazitaja kwa ufupi, kwa kuwa zimezungumzwa kuliko zinavyostahili. Ukomo wa saa 80 kwa wiki ulioanza Marekani mwaka 2003, na ule wa saa 48 wa Umoja wa Ulaya, ulipunguza muda wa mwanagenzi kuwa mezani, na wapo mabingwa wanaoeleza kila udhaifu kwa sababu hiyo moja. Huenda wana sehemu ya ukweli. Lakini saa zikipungua, kila operesheni inakuwa na thamani zaidi kama nafasi ya kufundishia, na kuipitisha bila kujua mwanagenzi alifanya nini ndani yake ni hasara kubwa kuliko ilivyokuwa wakati saa zilikuwa nyingi.

Linalobaki ni cheti. Kama kweli tunaamini kwamba mtu hukabidhiwa kazi moja moja, basi cheti kimoja kinachomruhusu kufanya kila kitu siku moja ni kujipinga wenyewe. Ningependa kuona cheti kinachotaja kazi ambazo mwenye nacho amekwisha kuaminiwa kuzifanya peke yake, na zile ambazo bado anapaswa kuwa na mwenzake karibu kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Pingamizi lipo, tena la maana: katika hospitali ndogo mpasuaji huwa peke yake, na mgonjwa mwenye utumbo uliojisokota hatasubiri cheti kipanuliwe. Ni kweli, na katika dharura ya namna hiyo hakuna atakayemzuia. Lakini ni huko hasa ambako kutojua mpaka wa uwezo wa mtu kunamgharimu mgonjwa zaidi, kwa kuwa hakuna jicho la pili. Daktari aliyeaminiwa kazi 16 kati ya 18 ataanza ajira akijua ni kwa zipi mbili ampigie mwenzake simu kabla ya kushika kisu, na mkuu wake wa kazi atajua kwa nini simu hiyo imepigwa, wala hataihesabu kuwa udhaifu.